Mlingoti wa Kwa Mughwai

Asubuhi ile Luciana alikuwa akipepeta uwele mbele ya nyumba, na kitu pekee kilichomuudhi ni kwamba hapakuwa na upepo.

Mgori si mahali pa kukosa upepo. Tangu wahamie huku kutoka Kiomboi alizoea kuinua ungo juu ya kichwa na kuuacha upepo umfanyie kazi, makapi yakienda upande wa msitu na punje zikimwangukia miguuni. Siku hiyo makapi na punje vilianguka pamoja. Moshi wa jiko ulipanda wima kama kamba iliyoning'inizwa kutoka mbinguni.

"Baba Leah," alimtania mumewe, "upepo wako leo umeomba likizo?"

Zefania alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa hali ya hewa wa pale, enzi hizo za Mwingereza. Alipima mvua, joto na upepo, na kila mwisho wa mwezi vipimo vyake vilipelekwa mjini Singida kwa lori. Upepo ulipimwa kwa mlingoti wa bomba la chuma uliosimamishwa mwaka uliopita kwenye uwanja mtupu, mkabala na nyumba yao. Juu yake palikuwa na vikombe vitatu vilivyozungushwa na upepo, na chini kisanduku chenye tarakimu zilizopanda kadiri vikombe vilivyozunguka. Upepo ukiwa mwingi, tarakimu zilikimbia. Upepo ukilala, nazo zililala.

Luciana aliinua macho kutazama mlingoti. Vikombe vilikuwa vinazunguka.

Aliutazama moshi. Ulikuwa wima vilevile. Akatazama vikombe tena. Vilizunguka polepole, vikasimama. Vikazunguka, vikasimama.

"Grisi imeisha tu," alisema Zefania. Lakini hakuacha kuvitazama, na mkono wake ulikuwa umeshika kifua.

Kikohozi kile kilianza muda mfupi baada ya mlingoti kusimamishwa. Kwanza kilikuwa kidogo, cha kumfanya asimame njiani akitoka uwanjani, kama mtu aliyesahau kitu, kisha aendelee. Baadaye akawa hawezi kubeba ndoo. Daktari wa misheni alimsikiliza mgongoni na kifuani, akasema mapafu ni safi, akampa dawa ya maji ya kunywa. Aliinywa ikaisha. Mwili ukaendelea kukauka.

Luciana ndiye aliyegundua kwamba siku za upepo mumewe alikuwa nafuu. Siku za shwari alilala kitandani, midomo ikiwa na rangi ya majivu.

Mchana mmoja wa shwari alikaa mlangoni. Kutoka pale aliweza kuwaona wote wawili, mumewe ndani na mlingoti nje. Vikombe vilizunguka. Kifua cha Zefania kilikuwa kimya. Vikombe vikasimama. Zefania akavuta hewa kwa pupa, kama mtu aliyetolewa majini. Vikombe vikazunguka tena. Kifua kikanyamaza.

Luciana alimwekea kiganja kifuani, macho yakiwa nje. Akasubiri. Mara hii vikombe vilizunguka kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

Alimbeba Leah mgongoni akaenda kwa Bibi Yunisi, jirani yao wa karibu, mjane aliyezaliwa palepale Mgori.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Bibi, ule uwanja wa mlingoti. Kwa nini hamuulimi? Kwa nini hakuna mti hata mmoja?"

Bibi Yunisi alitazama nyuma yake, ingawa hapakuwa na mtu. Akafunga mlango.

"Wazungu walitaka mahali pa wazi pasipozuia upepo," alinong'ona. "Wakapaona pale. Sisi tulinyamaza. Nyie ni wageni, na mambo yale hatuwaambii wageni."

Pale palikuwa na tembe la mtu aliyeitwa Mughwai. Watu walisema ni mchawi, kwamba alichukua nguvu za watu na kuzitumia shambani kwake. Mwaka mmoja wa mvua kubwa paa lake la udongo likalowa, likamwangukia akiwa ndani peke yake. Majirani walifika na majembe. Walimsikia chini ya udongo. Alikuwa anahema. Aliita watu kwa majina yao, akaomba wamtobolee tundu dogo tu, la kupitisha hewa.

"Mkafukua?"

Bibi Yunisi aliitazama miguu yake. "Tulishindilia," alisema. "Tulishindilia kwa miguu mpaka ukawa uwanja. Na mimi nilikuwepo."

Luciana alikumbuka jinsi mafundi walivyousimamisha mlingoti. Walichimba shimo refu kwenda chini. Ndani yake wakatumbukiza bomba. Bomba lenye tundu, tangu chini hadi juu.

Aliporudi nyumbani alimpigia mumewe magoti. Warudi Kiomboi, leo hii, hata kwa miguu. Zefania alikataa. Alikuwa Mkristo, hakutaka habari za Mughwai, na safari asingeiweza. Kweli, hata mlango hakuufikia siku hiyo bila kushikiliwa. Kung'oa mlingoti asingethubutu, ni mali ya serikali. Luciana alilia mpaka akanyamaza mwenyewe, akawa hana analolijua zaidi ya kuombea upepo. Kila alfajiri alitoka na kulowanisha kidole, akakiinua hewani, akisubiri kusikia ubaridi upande mmoja.

Ndipo akaja mkaguzi.

Aliitwa Melkiori, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyeteremka kwenye lori akiwa na mfuko wa vyombo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vipimo vya vituo ni vya kuaminika. Vya Mgori vilimleta kwa sababu vilijipinga vyenyewe.

"Shemeji," alimwambia Luciana, huku akipokea kiti, "mumeo anaandika shwari, shwari, shwari. Kisanduku chake kinasema upepo umepita. Vituo vya jirani navyo vinasema shwari. Sasa upepo huu wa Mgori unatoka wapi? Au bwana mpimaji analala, unapita bila kumwamsha?"

"Silali," alisema Zefania kutoka ndani. "Nikiandika shwari, ni shwari." Sauti yake ilikuwa ndogo mno hata Melkiori aliacha kucheka.

Luciana aliona mlango umefunguka mbele yake. Huyu mtu akisema mahali ni pabaya, mlingoti ungehamishwa. Alimshika mkono bila kujali heshima.

"Bwana mkaguzi, usiondoke na upepo huu. Ngoja utulie. Nakuomba. Ngoja tu."

Alingoja. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, upepo ulikata. Melkiori alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Aliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe karibu na mlingoti, moshi ukapanda wima. Akainua uso, hakusikia kitu mashavuni.

Vikombe vikaanza kuzunguka.

"Ni kisanduku au ni vikombe?" alijiuliza. "Tuvifunge, tuone kama tarakimu zitaendelea." Akapanda ngazi, akavishika, akavifunga kwa waya. Tarakimu zikasimama.

Ndani ya nyumba Zefania alitoa ukelele wa mtu anayevuta hewa. Akavuta tena. Akaketi. Luciana alipoingia mbio alimkuta ameshika ukingo wa kitanda, macho yamemtoka, midomo imerudiwa na rangi.

"Mama Leah," alisema, "kuna uji?"

Luciana alicheka na kulia. Alipotoka kumwambia mkaguzi, alimkuta amepiga magoti chini ya mlingoti, sikio lake ameliweka kwenye bomba. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akasimama, akarudi kinyumenyume. Alitoa leso akapangusa sikio. Akalipangusa tena.

"Umesikia nini?" Luciana alinong'ona.

"Msiufungue waya huu," alisema Melkiori. Hakutania tena. "Nitarudi na bwana mkubwa, yule Mzungu wa mjini, auhamishe. Asiufungue mtu."

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote walizoishi Mgori. Zefania alikula, akanenepa mashavuni, akambeba Leah mabegani na kumzungusha uwanjani. Usiku alilala bila kukohoa. Aliyekesha alikuwa Luciana. Shwari ikishuka, alisikia mlingoti ukitoa mvumo mdogo, mzito, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja.

Habari ikaja kwamba mkaguzi na bwana mkubwa wangefika kesho. Luciana alifua shuka. Zefania yeye alikaa jioni yote akiutazama mlingoti.

"Mzungu atakuta waya," alisema mwishowe. "Ataona nini? Vikombe vimefungwa. Atasema nimevifunga mwenyewe nifiche uvivu, na mlingoti utabaki palepale. Lazima avione vikizunguka kwenye shwari. Kwa macho yake."

"Melkiori atamwambia."

"Ataamini maneno? Yeye anaamini anachokiona."

"Basi afungue Melkiori mwenyewe, amesimama pale na koleo la waya mkononi. Wakishaona tu, afunge. Niahidi, Baba Leah."

"Nimekuahidi."

Alikuwa mkweli, Zefania. Ahadi ile aliitoa kwa moyo wote.

Asubuhi ilikuwa shwari. Luciana alimwomba Bibi Yunisi akae na Leah, akateremka kisimani mbio. Alikuwa amejaza ndoo nusu alipohisi kitu. Hakikuwa sauti. Kilikuwa kukosekana kwa sauti. Siku zote hizi mvumo ule alikuwa akiusikia kwa mbali, hata kisimani. Sasa haukuwepo.

Aliiacha ndoo. Akapanda kilima. Kanga ikamdondoka, hakuiokota.

Aliona mlingoti kwanza. Vikombe vilikuwa vinazunguka. Havikusimama. Aliwaza, sasa vitasimama. Havikusimama. Vilizunguka na kuzunguka, mzunguko mmoja mrefu usio na kituo, kama mtu aliyenyimwa hewa miaka mingi na leo ameipata.

Zefania alikuwa ameketi chini ya ngazi, mgongo kwenye bomba, koleo kwenye mapaja. Uso wake ulitazama barabarani. Mdomo ulikuwa wazi.

Luciana alipanda ngazi. Alivishika vikombe kwa mikono miwili, vikamkata vidole, akaving'ang'ania mpaka vikatulia. Akateremka damu ikimtiririka, akamtikisa mumewe, akampulizia pumzi yake mdomoni. Akapuliza tena. Kila alichopuliza kilipotea ndani yake kama maji mchangani.

Bibi Yunisi alisimama mlangoni na mtoto.

"Alisema anasikia lori," alinong'ona. "Alisema wamefika kwenye kona, ngoja awaandalie. Alifurahi. Alikwenda mbio."

"Lori gani?"

"Mimi sikusikia lori lolote, mwanangu."

Lori lilifika jioni. Melkiori aliteremka, akauona umati, akavua kofia na kukaa chini, pale pale kwenye vumbi. Bwana mkubwa alikuwa mtu wa adabu. Alitoa pole, akakagua kisanduku, akasema kituo hiki hakifai. Vipimo vyote vya upepo vya pale vingefutwa. Kwa hesabu za serikali, upepo ule haukuwahi kuvuma.

Mlingoti uling'olewa kabla ya maiti kuondolewa. Wanaume walisema bomba lilikuwa gumu kutoka, kama linavutwa kwa chini. Ncha yake ilipotoka ilikuwa na unyevu wa uvuguvugu, kama kitu kilichotolewa mdomoni. Walilijaza shimo kwa mawe, wakashindilia.

Luciana hakukubali mumewe azikwe Mgori. Alimpeleka Kiomboi kwenye lori lilelile, akazikwa penye makaburi ya kanisa, karibu na mama yake, mwendo mrefu kutoka kwenye uwanja ule.

Mwezi wa saba alirudi mara moja kuchukua vyombo vyake. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, baridi ile ya nyanda za juu inayomfanya mtu atoe mvuke mdomoni akisema. Jua lilikuwa limeshatoka. Hapakuwa na upepo. Alifunga mzigo, akamweka Leah mgongoni, akajiambia hatatazama.

Alitazama.

Kwenye mawe, katikati ya uwanja, mvuke ulikuwa unatoka. Ulitoka mwembamba, ukainuka kidogo, ukarudi ndani. Ukatoka tena, ukarudi. Luciana alisogea bila kujua anasogea. Mvuke huo ulikuwa mrefu na wa taratibu, wa mtu aliyetulia.

Kisha akaona kwamba iko miwili.

Wa pili ulitoka pembeni ya ule wa kwanza, mfupi, ukikatikakatika. Ulianza, ukasimama katikati, kama mtu aliyesahau kitu, kisha ukaendelea.

Luciana aliinama akaweka kiganja chake chenye makovu juu ya jiwe. Baridi ilikuwa imegandisha umande kwenye majani yote ya uwanja ule. Jiwe lilikuwa na joto. Na lilikuwa limelowa.