Fungu la Mlimani

Duka la fotokopi jirani na soko la Morogoro lilifurika watu, na mashine iliyokuwa nzima ni moja tu. Martina, gauni lake la kitenge limelowa jasho mgongoni, alinyoosha mkono achukue karatasi zake akakuta kijana mrefu mwenye mabuti ya tope anazisoma.

"Kaka, hizo zangu."

"Nimeona. Zinasema sisi wa mlimani tunachafua hewa. Mimi nalima karoti huko. Umenihesabu na mimi?"

"Wewe na jiko la mama yako."

Kijana akacheka. Aliitwa Deogratias. Kwa miezi minane iliyofuata simu yake ya alfajiri, "Umeamka, mrembo wa mahesabu?", ndiyo iliyomtoa Martina kitandani kule Mafiga.

Mahesabu yenyewe ndiyo yaliyowavuruga. Mradi aliofanyia kazi ulilinganisha gesi joto za mlimani na za bondeni kwa miaka ishirini. Siku ya kikao, mkuu wake, Bwana Mansuri, alionyesha ukurasa mmoja: fungu la mlimani katika gesi zote limepanda kutoka asilimia thelathini hadi hamsini.

"Wakulima wa miteremkoni ndio tatizo," alisema. "Washushwe bondeni."

Ukurasa wa pili, wenye tani zenyewe, aliuacha makusudi. Martina alifungua mdomo, Mansuri akamkata jicho. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Akanyamaza.

Safu ya nyuma, walikoketi wakulima walioalikwa, Deogratias alisimama akatoka.

Jioni Deogratias alipokea simu ya Martina mara moja tu.

"Deo, mpenzi, nisikilize..."

"Umekula kwetu, mama kakuita mwanangu. Leo ahamishwe?"

"Sikusema hivyo!"

"Hukusema lolote, Martina. Hilo ndilo linaloniuma."

Akakata. Siku nne hakupokea. Siku ya tano Martina alisikia wanakijiji wameitwa kusaini fomu za kuhama. Alikodi bodaboda hadi barabara ilipokomea, akapanda kwa miguu, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Catherine, mama yake Deogratias, kwenye uwanja wa kijiji.

"Marahaba." Hakumtazama.

Mansuri alikuwa mezani na fomu zake. Martina hakumngoja. Aliomba tenga la karoti, akapanga mafungu mawili chini.

"Kila karoti ni tani elfu. Miaka ishirini iliyopita ninyi thelathini, bondeni sabini. Kiwanda chao kikafungwa, wakabaki na ishirini." Akaondoa hamsini. "Ninyi mkaacha kuchoma mashamba. Mko ishirini." Akaondoa kumi.

"Sasa tuko sawa kwa sawa," mwanamke mmoja akasema. "Ndiyo hiyo asilimia hamsini yao?"

"Ndiyo hiyo. Fungu limepanda, lakini moshi wenu umepungua."

Bi Catherine aliirudisha kalamu mezani. Wengine wakafuata.

"Huna kazi tena," Mansuri akafoka, akikusanya fomu.

Deogratias alimkuta Martina kwenye kijito, ananawa miguu iliyochubuka.

"Ungeniambia siku ile."

"Niliogopa, Deo. Nisamehe."

Deogratias aliketi kwenye jiwe kando yake. "Nami nilikuzimia simu kama mtoto. Jumapili mtakuwepo nyumbani, Mafiga?"

"Kuna nini?"

"Mjomba angu anataka kuonana na baba yako."

Martina aligeuka haraka, machozi yakimtangulia. "Asichelewe," alisema. "Baba akishaenda shamba, harudi mpaka jioni."