Maneno ya Mke wa Fundi

Mkewe alimkuta akimwomba radhi kuku. Si kuku wa bandani. Kuku wa mchezo wa shamba kwenye kompyuta, mwenye kofia na macho makubwa, aliyesahauliwa kulishwa.

"Nisamehe mama, nilipitiwa," fundi alikuwa akisema, viganja vimekutana kifuani.

"Haya," mkewe akasema kutoka mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Miaka ishirini na sita sijaombwa radhi hata siku moja. Kumbe nilipungukiwa manyoya."

Akacheka hadi akashikilia fremu ya mlango, kisha akarudi kwenye cherehani yake chumba cha pili. Kutoka huko akaendelea kumsema kupitia ukutani, kama siku zote, na mumewe akiitika "ehe" kila mkewe alipovuta pumzi.

Fundi alikuwa na kanuni yake. Kompyuta aliyoitengeneza aliijaribu saa nzima kwa mchezo wowote aliokuta ndani. Feni ikihimili, kazi imekwisha. Mtu aliyefanya kazi katika miji saba na kufukuzwa katika mitano hujifunza kutorudisha mali ya watu kwa kubahatisha. Hii ilikuwa ya mwalimu mmoja. Mchezo uliokuwamo ulitengenezwa na mtu mmoja tu chumbani kwake, na aliyesema hivyo ni kuku mwenyewe, kwa maandishi chini ya skrini:

"Alikuwa peke yake, hakuwa na wa kumkanya. Ndiyo maana shamba linaishia hapa, zinaanza mbio za magari. Mimi ninajua kuwa huu ni mchezo. Wewe je?"

Shamba likageuka barabara. Fundi akacheka, akakanyaga mafuta. Gari likasimama mbele ya geti. Yakatokea maandishi mengine: "Ili upite, toa kitu cha nyumbani ambacho hutajali kukikosa."

Mcheshi haachi nafasi kama hiyo ipite. Akaandika: *Maneno ya mke wangu. Tunayo ya kutosha.*

Geti likafunguka.

Chumba cha pili mkewe alikuwa akisema, "Na ile suruali yako, nikiikuta tena juu ya..."

Kimya. Cherehani ikaendelea.

"Juu ya nini?" fundi akauliza.

"Juu ya meza yangu, naifanya matambara," akajibu kuku.

Hadi hapo kuku hakuwa na sauti. Sasa alikuwa nayo. Ilikuwa ya mkewe.

Fundi alikimbilia chumba cha pili. Alimkuta mkewe ameketi, mguu bado uko kwenye cherehani, midomo ikichezacheza bila kutoa chochote. Akajishika koo. Akamtazama mumewe kama anayemuuliza swali.

Fundi akarudi kwenye kompyuta. "Mrudishie," akanong'ona.

"Nishinde," ikasema sauti ile.

Wakacheza karata. Alipobakiza moja mkononi, meza ikageuka uwanja wa mpira. Alipolifikia goli, uwanja ukageuka ofisi ya mpelelezi, na ukutani picha ya mshukiwa mmoja. Ilikuwa ya fundi mwenyewe. Amekaa kwenye kiti kilekile, na shati lilelile. Imepigwa kutoka nyuma.

Akageuka. Ukuta tu.

Akachomoa waya. Akatoa betri. Skrini haikufifia.

Mkewe alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Fundi aliiona midomo yake kwenye kioo cha kompyuta. Kila kuku alipoongea, ilikwenda naye, neno kwa neno.

"Ungefikiri kwanza, baba watoto," ikasema sauti, taratibu.

Hivyo ndivyo alivyomwita kila siku. Fundi akaikumbatia kompyuta kwa mikono miwili, kama mtu anayemzuia mwenziwe asiondoke.

"Chukua yangu," akasema. "Mizaha yangu yote, ya miji yote saba. Sina mali nyingine. Mrudishie yake."

Kuku akavua kofia. Akawa kama anafikiri. Nyuma ya kiti machozi yalikuwa yakimtiririka mkewe, na midomo yake ikafunguka polepole, bila yeye kutaka.

"Hiyo haichekeshi," ikasema kompyuta kwa sauti ya mkewe, na skrini ikazimika na sauti ile ndani.