Bustani ya Ghorofa ya Pili

Kinyozi na mkewe waliishi ghorofa ya pili, juu ya barabara yenye maduka. Mume alinyoa watu chini. Mke alishona nguo sebuleni. Binti yao waliyembandika jina la Chiriku alikuwa msemaji kweli kweli. Mdomo wake haukupumzika.

Asubuhi walikula mkate na chai. Mchana wali mkavu na chai. Jioni viazi vya kukaanga, na chai tena. Mboga za majani hazikuonekana mezani.

"Mimi si mbuzi," kinyozi alisema kila mkewe alipotaja mchicha.

"Hata mimi!" Chiriku alidakia.

Lakini mwaka ule Chiriku alianza kunyamaza. Akipanda ngazi, alipumzika katikati. Darasani alisinzia. Siku moja alianguka akiruka kamba. Mama yake alimbeba hadi zahanati.

Muuguzi aliyempokea alikuwa jirani yao, wa mlango wa pili. Alimpima mtoto.

"Damu yake imepungua," alisema. Akampa dawa na kueleza jinsi ya kuitumia. Kisha akauliza, "Shoga, mtoto anakula nini?"

Mama akataja. Hakuwa na mengi ya kutaja.

"Dawa amalize zote," muuguzi akasema. "Lakini damu huhitaji na chakula. Mpe maharage, mayai, maini, mboga za kijani. Ale pamoja na chungwa au nyanya, mwili upokee vizuri. Na chai isikae karibu na chakula. Inauzuia mwili kupata faida yake."

Nyumbani kinyozi alimtazama binti yake amelala mchana kweupe.

"Tupande mboga wenyewe," mkewe akasema.

"Wapi? Hatuna hata kiganja cha udongo!"

Jioni ile muuguzi aliwaita kwake. Kwenye roshani yake kulisimama gunia lililojaa majani, juu na ubavuni.

"Tafuteni gunia safi, lisilowahi kubeba dawa wala mbolea ya dukani," alieleza. "Changanyeni udongo na samadi iliyooza vizuri. Katikati pangeni mawe, maji yapenye hadi chini. Toboeni matundu ubavuni, mpande miche ya mchicha."

Walifanya hivyo kwenye roshani yao. Chiriku ndiye aliyeshika miche, mmoja mmoja, kama vifaranga. Lakini kinyozi alikuwa na haraka. Alimwagilia kama anayezima moto, asubuhi, mchana na jioni. Miche ikalegea, ikafa yote.

"Shemeji, umeizamisha!" muuguzi alicheka. "Gusa udongo kwanza. Ukiwa na unyevu, acha."

Wakapanda upya. Safari hii kazi ya maji alipewa Chiriku. Kila siku alitia kidole kwenye udongo, akatoa uamuzi. Baba yake hakuruhusiwa hata kusogeza ndoo.

Mchicha ulipostawi, mama aliuosha kabla ya kuukata. Akaupika kwa muda mfupi tu, na nyanya na kitunguu. Akapakua na maharage.

"Msimlazimishe," muuguzi alikuwa ameonya. "Ataiga mnachokula."

Kwa hiyo kinyozi alianza. Akatafuna, macho ameyafumba. Akayafumbua.

"Mke wangu, mbona ulinificha kitu hiki?"

"Nilikuficha mimi?"

Chiriku akacheka. Akaonja jani moja, akakunja uso. Hakuna aliyemlazimisha. Kesho yake akaonja mawili. Wiki zilivyopita, akaanza kuomba aongezewe.

Walirudi zahanati. Muuguzi akapima, akatabasamu. "Damu imepanda vizuri!"

Mama alitoka pale kichwa juu, kama aliyevishwa taji. Kinyozi ndiye aliyezidi. Mteja alikuja kunyolewa ndevu, akaondoka anajua habari zote za samadi.

Jumamosi moja mshona viatu wa ghorofa ya chini alibisha hodi, na mkewe nyuma yake.

"Tumeona kijani kinaning'inia huko juu," alisema. "Na sisi tunataka. Tufundishe, kinyozi."

Kinyozi alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akageuka.

"Mimi miche niliiua," alisema. "Bwana shamba wa nyumba hii ni huyu hapa."

Akamsogezea binti yake kiti kikubwa, kile cha wageni. Chiriku akakaa, akanyoosha mgongo, akawatazama watu wazima wale waliosimama kumsikiliza.

"Karibuni," alisema. "Kwanza kabisa, mna gunia?"