Viko Kumi na Kimoja

Balbina alimwinua mwanawe kutoka usingizini, akambusu shavuni kama alivyozoea, kisha akasita na kuirudisha pua yake karibu na mdomo wa mtoto. Agnella alinuka tumbaku.

Haikuwa harufu ya nguo, ile inayomshika mtoto aliyepakatwa na mvutaji. Ilitoka ndani, pamoja na pumzi, kavu na chungu. Ilikuwa saa nane na nusu mchana, na jua la Lipangalala liliwaka hadi kuku walijilaza chini ya mtungi wa maji. Agnella alikuwa na miaka mitatu. Nyumbani mle hakuna aliyevuta, hata baba yake, Remigius, ambaye alikuwa na viko kumi na kimoja ukutani.

Watu walimcheka kwa viko hivyo. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga alikofanya kazi ya ufundi, wenzake walimuuliza kama alikuwa na midomo mingine aliyoificha chini ya shati. Balbina hakuwahi kumcheka. Alijua kwamba Remigius alilelewa na watawa, aliletwa kwao mchanga, hana hata jina la ukoo. Wenzake wote walikuwa na mtu wa kuwaambia umefanana na fulani, pua hiyo ni ya fulani. Yeye hakuwa naye. Basi kila alipoitwa kijijini Mngeta au Mchombe kutengeneza mashine, akikuta kiko cha marehemu kimetupwa kapuni, alikiomba. Alikileta kimefungwa kwenye leso, akausafisha mrija kwa waya, akanawa mikono, kisha akakitia mdomoni kikiwa kitupu na kuvuta pumzi moja, kusikiliza kama njia imefunguka. Chini yake alibandika jina la marehemu.

"Huyu alikuwa fundi mitumbwi," alimwambia Agnella, amembeba begani. "Huyu alimfukuza kiboko kwa sufuria na mwiko."

Mtoto alicheka, na Balbina akiwa jikoni alicheka naye.

Cha kumi na kimoja hakikuwa na jina. Kilikuwa cha udongo mweusi, kizito, na mvuvi mmoja aliyeitwa Fridolin alikinasa wavuni baada ya maji ya mafuriko kushuka. Remigius alikivuta kama alivyovuta vingine. Alisema njia yake ilikuwa safi ajabu, kana kwamba upande wa pili kuna mtu naye anavuta. Akacheka, akakitundika. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumanne yake ndipo Agnella alipoanza kunuka.

Jumatano Balbina hakulala mchana. Alivuta kigoda karibu na kitanda, akakaa akimpepea mtoto kwa upindo wa kanga. Saa nane ilipofika upepo ulikatika, na sebuleni mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mzee, kile anachokohoa akimkuta mtu anafanya jambo la aibu, ili aache bila kuambiwa. Kikafuata kingine, kizito zaidi, na kingine. Balbina alijua kwamba amefunga mlango kwa komeo. Alimgeukia mtoto amchukue wakimbie, ndipo alipoona mashavu ya Agnella yakibonyea ndani na kujaa, yakibonyea na kujaa, midomo imekaa mviringo kana kwamba kuna kitu kimeshikizwa hapo, na juu kidogo ya uso wake, mahali ambapo hapakuwa na chochote ila hewa ya joto, akasikia sauti ya kunyonya, pwa, pwa, pwa, taratibu, ya mtu aliyeshiba wali na kuketi kivulini asiye na haraka ya kwenda popote. Aliyevuta hakuwa mtoto. Mtoto ndiye aliyekuwa kiko.

Wiki ile Agnella alipungua hadi bangili ya shanga ikawa inapanda mpaka kwapani. Hakulia tena wala kusema. Hospitalini walimpima malaria, kifua na damu, wasione kitu, wakampa dawa ya vitamini. Muuguzi mmoja alimnunulia Balbina chai bila kumuuliza lolote, akampokea mtoto ili mama anywe kwa mikono miwili. Nyumbani, jirani yake Dorotea alileta uji wa mchele kila asubuhi, akijifanya kwamba umebaki. Ni yeye aliyemnong'oneza, akitazama mlango wa sebule, kwamba Mchombe kuna mganga anaitwa Dionisi, mtu asiyependa maneno mengi.

Dionisi alifika na matope ya shambani magotini. Hakuja na kibuyu wala usinga. Aliomba maji, akaketi, akatazama ukutani, akangoja saa nane pamoja nao. Ilipokuja na kupita, alimuuliza Remigius kama kila kiko alikivuta pumzi.

Remigius alikubali. Alisema ni kwa kukijaribu tu.

Mganga alieleza kwa sauti ya chini. Kwa wazee wa ukoo wake, kiko cha marehemu kilikaa bila kuguswa hadi siku ya kumaliza msiba, na anayekivuta pumzi ya kwanza mbele ya ndugu ndiye anayekubali kuwa mrithi wake. Hayo mtoto huyajua kabla hajafunga vifungo vya shati mwenyewe, kwa kuwa huyaona yakifanyika. Remigius hayo hakuyaona popote. Amekubali mara kumi na moja, na wote wameitikia.

"Kijana, unahitaji vingapi?" Dionisi aliuliza.

"Vyote," Remigius alisema. Aliona macho ya mkewe, akainamisha kichwa. "Hata vitano. Niachie vitano, mzee."

"Sikuuzii nyanya."

"Vitatu. Huyu wa mitumbwi, na huyu, na..." Alikuwa amesimama mbele ya ukuta. "Hamjui ninyi. Hamjui kukaa kwenye nyumba isiyo na mtu wa mbele yako hata mmoja."

Balbina alimshika kiwiko. Hakuwa na hasira naye, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Baba Agnella," alinong'ona, "walio mbele yako ni wengi. Wa nyuma yako ni huyu mmoja, na anakwisha."

Remigius alianza kuvitoa misumarini, kimoja kimoja.

Dionisi aliagiza kila kiko kirudishwe kwa ukoo wake, na mrithi wa damu akivute ili kumfungua Remigius. Wote wanamla mtoto, alisema, na kitakachobaki bila kwao atakishughulikia mwenyewe. Remigius alikopa pikipiki ya mwenzake, akazunguka bonde siku nne. Hakuna aliyemfokea. Kule Mngeta, mjane mmoja alikipokea kiko cha mumewe kwa mikono miwili, akakifuta kwa kitenge, akamfungia jogoo nyuma ya pikipiki na kumwambia aje tena hata kama hana kitu cha kurudisha, maana kijana mwenye miguu haulizwi cha mkononi. Remigius alimsimulia mkewe hayo kwa simu huku analia ndani ya kofia ngumu, na Balbina alimsikiliza akiwa amemlaza Agnella kifuani, asimwambie mara moja alichokuwa anakiogopa.

Mtoto hakuwa anapata nafuu. Siku ya kwanza vilitoka viko vinne, na mchana ule vikohozi sebuleni vilikuwa sita. Siku ya pili vikohozi vilikuwa vinne, ya tatu viwili. Na kadiri vilivyopungua, ile pwa, pwa ilizidi kuwa ndefu, ikaanza kuja asubuhi, ikaja na jioni, ikaacha midomo ya Agnella na rangi ya jivu. Mchana wa siku ya nne kikohozi kilikuwa kimoja. Kilikohoa kwa nguvu, kama mtu mzima aliyeachwa peke yake kuzuia mlango, na kila kilipokohoa ile sauti ya kunyonya ilikatika kidogo, mtoto akapata kuvuta hewa yake mwenyewe.

Hapo Balbina akaelewa. Alishika simu, vidole vinateleza kwa jasho.

"Hicho cha mwisho usikitoe. Rudi nacho. Wale wazee walikuwa wanamzuia huyo wa kumi na moja, Baba Agnella, wanamkemea siku zote hizi. Rudi nacho upesi."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za watu na mbuzi.

"Nimeshawapa," Remigius alisema. "Mjukuu wake anakivuta sasa hivi."

Sebuleni kikohozi kilikatika katikati.

Ukimya ulioingia ulikuwa na unyevu, kama wa pango la ukingoni mwa mto, na ndani yake ikaja harufu ya matope na magamba ya samaki yaliyolala juani, ikapita mlangoni, ikasimama kitandani, na Balbina akamfunika mtoto kwa mwili wake wote, akaweka kiganja juu ya ule mdomo mdogo akidhani ataziba njia, lakini pumzi ya mwanawe ikawa inapita katikati ya vidole vyake, ya uvuguvugu, ikivutwa kwenda juu, na alipobana vidole ilipita pembeni, na alipoweka mdomo wake mwenyewe juu ya mdomo wa mtoto ampulizie yake, hiyo nayo ikavutwa, akasikia karibu na sikio lake mtu akiguna kwa raha.

Remigius na Dionisi walifika pamoja, pikipiki ikaangushwa uani injini ikinguruma. Mganga alimtazama mtoto, akapiga magoti.

"Nimekosea, mama," alisema. "Nilidhani wanakula pamoja."

Balbina hakuwa na nafasi ya kumlaumu. Alimuuliza kilichobaki kufanywa. Dionisi alisema hili halikuwahi kuwa mzee wa mtu yeyote. Ni jini la majini, limekaribishwa kwa pumzi kisha likatundikwa msumarini, na sasa linatafuta kinywa cha kukaa. Kukivunja kiko hakufai, kwani litabaki kwenye kinywa kile lilichokishika, cha mtoto. Linahamia kwa mtu atakayekivuta kwa hiari, akilijua.

Remigius alikuwa ameshakitoa ukutani. Alijaza tumbaku ya mganga, akawasha, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Moshi haukuingia. Ulimrudia puani, akaanguka sakafuni akitapika maji meusi. Alijivuta kwa viwiko, akavuta tena, na tena ukamtoka.

"Nichukue mimi," alikiambia kile kiko, akilia. "Mimi ndiye niliyekukaribisha."

"Kinywa chako kimepokea kumi kabla yake," Dionisi alisema. "Wale wamefunguliwa kwako, lakini nyayo zao zimo. Halitakaa hapo."

Mwenyewe alikuwa amerithi kiko cha baba yake, alisema, na cha babu yake. Baada ya hapo alitazama sakafu. Balbina aliona jinsi alivyoitazama, na akaelewa kwamba mtu yule, mwenye matope magotini, alikuwa anamhurumia kwa kutolisema neno lililobaki. Chumbani mle alikuwepo mtu mzima mmoja tu ambaye hajawahi kuweka kiko mdomoni.

Alimwomba Remigius amshike mtoto vizuri, kichwa kisilale. Akakiokota kiko cha udongo.

"Mama Agnella," mumewe alinong'ona. "Mama Agnella, tungoje kidogo."

Kwenye kitanda, kifua cha Agnella kilipanda, kikangoja, hakikushuka.

Balbina akavuta. Kwanza alionja matope, kisha baridi, baridi ya chini kabisa ambako jua halifiki, ikamshuka kooni ikiwa na uzito kama kitu chenye viungo, kikijipinda, kikigeuka kutafuta pa kulalia, na alitaka kukohoa lakini akajizuia, akawaza kwamba akikitema kitarudi kule, akameza, akavuta tena, akameza, hadi kiko kikapasuka mkononi mwake kama ganda la yai na ndani yake hakukuwa na jivu wala moto.

Agnella akalia.

Kilikuwa kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa, na watu wazima watatu waliganda kukisikiliza. Dorotea alikisikia kutoka kwake, akaja mbio na bakuli, safari hii bila kujifanya kwamba uji umebaki. Remigius alimlisha mwanawe kwa kijiko, uji ukimwagika kidevuni. Rangi ilirudi mashavuni. Mtoto aliomba maji, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu wiki iliyopita. Dionisi alimnusa mdomo, akatikisa kichwa kwa kukubali. Hakunuka kitu ila mchele na sukari.

Balbina alikaa kwenye kigoda akiwatazama. Alijihisi vizuri, isipokuwa baridi ile, na alijiambia kwamba inavumilika, kwamba kwa bei hii angevuta viko mia. Alinyoosha mikono ampokee mtoto.

Remigius akamtelemsha mtoto. Agnella alitembea hatua tatu, miguu ikiyumba, akafika mbele ya kigoda na kusimama. Alimtazama Balbina usoni muda mrefu. Kisha akaweka mikono yake midogo juu ya kichwa chake mwenyewe, kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni.

"Shikamoo, babu."

Balbina alifungua mdomo amwambie ni mimi, mwanangu, ni mama. Ulimi wake ulilala palepale ulipokuwa.

"Marahaba," kinywa chake kilijibu, kwa sauti nene yenye maji.

Mtoto alichungulia nyuma ya kigoda, akatazama mlangoni, akatazama uani. Alipokosa alichokitafuta alimrudia yule aliyeketi mbele yake, akamuuliza taratibu, kwa adabu zote alizopewa na mama yake, kama amemwona mama amekwenda wapi.