Sauti Chini ya Rangi Nyeusi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Msasa alikuwa mwanamke fundi rangi wa magari, na jina hilo alipewa gereji kwa sababu hakuna aliyelainisha bati kama yeye. Alizijua harufu zote za kazi yake: tina ya kuzimulia rangi, praima ya kutangulizia, dawa ya kubabua rangi inayochoma pua mpaka machozi yakutoke. Lakini asubuhi ile, alipoipaka dawa rili ya kuvulia ya marehemu mdogo wake, na rangi nyeusi ikaanza kuvimba na kujikunja, kilichompanda puani kilikuwa harufu ya matope ya bwawa.

Rili yenyewe ilikuwa kigurudumu cha chuma cha kuzungushia mshipi, kinene kama ngumi. Ndicho kitu pekee kilichookotwa ukingoni mwa bwawa siku kijana alipozama. Mwili haukuonekana. Baba yao aliichukua, akaipaka rangi nyeusi, tabaka juu ya tabaka, akaifungia ndani ya sanduku chini ya kitanda, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Sasa baba naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mama, akipanga vitu vyake, akaikuta.

"Irudishe ilivyokuwa, mwanangu," alimwambia Msasa. "Ilikuwa ya buluu. Hii nyeusi siitaki, utadhani imevaa msiba."

Nani amkatalie mama yake? Msasa alikaa kibarazani nyuma ya jikoni, akafungua skrubu, akatoa mkono mdogo wa kuizungushia rili, akaanza kukwangua kwa kijiti asije akachubua chuma. Tabaka likitoka, chini yake lipo jingine.

"Huyu mzee alikuwa anapaka rili au anajenga ukuta?" alijisemea, akacheka peke yake.

Tabaka la mwisho likang'oka. Chuma kikabaki uchi, cheupe. Ndipo kile kigurudumu, kisicho na mkono wala mshipi, kikajizungusha juu ya ubao. Krrr. Kikatulia. Na kutoka ndani ya uwazi wake ikatoka sauti nyembamba, iliyolowa.

"Mama."

Huko jikoni sahani ilianguka ikavunjika.

Mama alikuja na mikono yenye povu la sabuni, akaiokota rili, akaikumbatia kifuani.

"Usiipake kwanza," alisema.

Tangu hapo ilikaa chumbani kwake, juu ya mto. Mwanzoni sauti ilijua neno moja tu. Msasa akipita koridoni alimsikia mama akinong'ona: "Unakumbuka ulivyovunja kioo cha jirani, ukajificha kwenye kapu la nguo?" Kesho yake sauti ilisema, "Nilivunja kioo cha jirani, mama. Nilijificha kwenye kapu," na mama akacheka kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Lakini Msasa alipomtajia kioo hicho wakati wa chakula, mama alimtazama tu.

"Kioo gani?"

Vidole vyake vilikuwa vimekunyata kama vya mtu aliyeshinda akifua. Shuka zake zililowa. Akikohoa, leso ilibaki na tope.

Kisha mchana mmoja, jua likiwa utosini, Msasa alisikia: "Nimeyakumbuka maziwa yako ya moto, mama. Hakuna aliyeyapenda kama mimi."

Mdogo wake hakuyaweza maziwa yale. Kila siku aliyamwaga dirishani, kisha akamwapisha Msasa, dada yake: "Usimwambie mama, ataumia." Na Msasa hakusema, hata baada ya msiba.

Alikwenda kwa mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Hilo ni jini la bwawani," mganga alisema. "Halijui ila linaloambiwa. Linakula kumbukumbu za mama yako, na zikiisha litamla mwenyewe. Funika chuma kwa rangi. Lakini rangi ni mlango tu, dada yangu. Aliyelikaribisha ndiye alikane, kwa mdomo wake. Baba yako nilimwambia hivi hivi, akalikana."

Msasa alirudi nyumbani akikumbuka jinsi walivyomwita baba moyo wa jiwe. Akamweleza mama yote, na lile la maziwa pia.

"Najua," mama alisema taratibu. "Nani unadhani alikuwa anaosha ule ukuta chini ya dirisha?"

"Sasa huyu aliyajuaje?"

"Nilimwambia mimi. Nilimwambia aliyapenda. Nilitaka kulisikia hilo hata mara moja."

"Basi unajua si yeye, mama!"

"Tangu siku ya kwanza. Lakini ananiita mama. Wewe unajua uchungu wa kukaa bila kuitwa na mtoto wako?"

"Na mimi je? Mimi si mtoto wako?"

Mama aliikumbatia tena rili. Msasa akatoka.

Maneno yale hayakusikiwa na mama peke yake. Alasiri ya kesho yake mvua ilinyesha, na Msasa, aliyekuwa amesimama kibarazani akilitazama pipa la maji likijaa, alisikia sauti ya mdogo wake ikitoka humo pipani, si chumbani tena, ikimwita dada, dada, njoo uone nilipo, hapa hakuna anayekusahau, na miguu yake ikasogea bila yeye kuiamuru, na mikono yake ikashika ukingo wa pipa, na maji yale yakawa meusi, mazito, yananuka matope ya bwawa, na ndani yake akaona, au akadhani ameona, kitu kikimfungulia mikono, na akainama, akainama, mpaka maji yakamfunika masikio na hakusikia tena mvua.

Mikono miwili ilimvuta nywele, ikamtupa sakafuni. Mama, aliyekuwa hawezi hata kubeba kikombe, alikuwa juu yake akihema.

"Huyu usimguse!" alipiga kelele kulielekea pipa. "Huyu ni wangu!"

Kisha kwa sauti ya chini: "Lete rangi."

"Ya buluu?"

"Nyeusi. Ya buluu tumwachie mwenyewe aliyezama."

Mama aliishika rili kwa mikono miwili, na Msasa akapaka.

"Mama, mbona giza?" sauti ililia. "Mama, naogopa."

Mama alifumba macho. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Wewe si mwanangu. Mwanangu alikufa majini, na mimi sikuwepo. Sina mtoto humo. Toka."

Sauti ililia kama kijana, kisha kama mtoto mchanga, kisha kama kitu ambacho hakikupata kuzaliwa. Brashi ilipofunga doa la mwisho, kukawa kimya. Maji ya pipa yakarudi meupe.

Asubuhi mama aliamka na vidole vikavu. Alikula vizuri, akamtania Msasa kwa nywele zake zilizotimka. Halafu akaiona rili mezani.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha mdogo wangu, mama."

Mama aliigeuza mkononi, akaichunguza kwa makini, asije akaonekana hajali.

"Maskini," alisema. "Kumbe ulikuwa na mdogo?"

Msasa alivuta kiti karibu, akamtajia jina la mdogo wake, akaanza kumsimulia habari zake tangu siku alipozaliwa. Na mama akasikiliza kwa upole, akitikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza msiba wa jirani.