Sema, Maua, Sema!

Haya, sogeeni karibu. Mwenye karanga mdomoni atafune amalize, maana leo kuna mwingine atakayetafuna.

Alikuwapo msichana anaitwa Tusa. Alikaa Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua isiyojua kuchoka.

Tusa alikuwa na miaka sita na pengo moja kubwa. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yaling'oka wiki moja. Moja Jumatatu, la pili Alhamisi.

Akisema "sa," filimbi inatoka. Fyuu!

Akisema "shi," filimbi inatoka tena. Fyuu!

"Kibogoyo wetu huyo!" kaka yake Seke alimtania. Basi Tusa akazoea kuongea huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Babu yao alikuwa na ng'ombe mmoja, jina lake Maua. Alikuwa mweusi, mwenye mabaka meupe mgongoni.

Kila asubuhi Babu alimpelekea Maua majani. Akamkuna shingo, akamweleza habari zote za kijijini. Maua alisikiliza tu. Hakuwahi kumkatiza.

Lakini siku moja Babu aliteleza kwenye tope. Puu! Mguu ukavunjika.

Sasa mguu wa Babu ulikuwa ndani ya plasta nyeupe, ngumu. Banda la Maua lilikuwa kule chini, kwenye utelezi. Babu hakuweza kushuka. Na Maua, jamani, angeingiaje chumbani?

Babu akaacha kucheka.

"Shikamoo, Babu," Tusa alisema kila asubuhi.

"Marahaba," Babu alijibu. Basi. Hakuongeza neno.

Zamani Babu akicheka, vikombe vilitikisika kabatini. Tusa aliikumbuka sauti ile. Aliikumbuka mpaka kifua kikamuuma.

Jumamosi, Shangazi Subi akaja kutoka Mbeya. Alikuja na mkate, na sukari, na simu yenye kioo kikubwa.

Ndani ya simu mlikuwa na filamu. Nguruwe aligombana na bata. Punda aliomba msamaha. Kondoo alidai blanketi, na manyoya yote yale anayo!

Seke alicheka mpaka akadondoka kwenye kigoda. Tusa hakucheka. Tusa alikuwa anafikiri.

"Shangazi," aliuliza nyuma ya kiganja, "wanyama wale wanaongeaje?"

"Mdomo ni wa mnyama, mwanangu. Sauti ni ya mtu. Mnyama anachezesha mdomo, mtu anasema."

Tusa akaruka juu. "Basi tumpige video Maua! Maua aongee na Babu! Babu atacheka!"

Shangazi akatabasamu. "Wazo zuri. Lakini kesho alfajiri naondoka na simu yangu. Tuna leo tu."

Leo tu! Tusa alikuwa ameshafika mlangoni.

Wakashuka bandani mbio. Seke mbele, Tusa katikati, Shangazi nyuma akishikilia kanga yake na simu yake na roho yake. "Jamani, utelezi! Mnataka na mimi nivunjike?"

Maua alikuwa amesimama. Aliwatazama.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu Tusa. "Sema, Maua, sema!"

Masikio? Pa, pa.

Mkia? Swii.

Mdomo? Kimya.

"Mpe maganda ya ndizi," alisema Seke. Wakamwaga maganda ndani ya hori. Maua akainamisha kichwa, akazamisha mdomo wote humo. Kwenye simu zikaonekana pembe tu.

Maganda yakaisha. Maua akainua kichwa.

"Moja, mbili, tatu. Sema, Maua, sema!"

Masikio? Pa, pa.

Mkia? Swii.

Mdomo? Kimya.

"Labda anataka muziki," alisema Seke. Akapiga ndoo. Ngo, ngo, ngo! Akakata kiuno, akazunguka, akaruka.

Maua akarudi nyuma hatua moja. Halafu mbili.

Ndipo akaja jogoo. Jogoo yule aliitwa Meneja, kwa sababu alipenda kusimamia kila kitu. Akapanda juu ya hori, akasimama mbele ya simu, akatoa kifua.

"Kokorikooo!"

"Meneja, toka! Hatukurekodi wewe!"

"Kokorikooo!"

Meneja akafukuzwa. Meneja akarudi. Akafukuzwa tena, akarudi kupitia dirishani. Na Maua?

Masikio? Pa, pa.

Mkia? Swii.

Mdomo? Mnaujua wenyewe.

Jua likapanda. Shangazi akafuta jasho. "Labda tumwache tu, mwanangu. Huyu si ng'ombe wa filamu."

Machozi yakamjaa Tusa. Akapanda mlima polepole, akaingia chumbani kwa Babu, akaketi pembeni ya kitanda.

"Babu, ng'ombe anachezesha mdomo saa ngapi?"

Babu alikuwa ametazama ukuta. Akageuza kichwa. "Unauliza kwa nini?"

"Ni siri."

"Mnampigia kelele?"

"Kidogo, Babu."

"Na zile 'ngo, ngo, ngo' nilizosikia?"

"Seke alikuwa anacheza."

Babu akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu avunjike mguu, akaongea maneno mengi.

"Ng'ombe mwenye wasiwasi hacheui, mama yangu. Mwacheni ashibe. Mwacheni alale chini. Ninyi mkae kimya. Kile chakula alichomeza asubuhi kitarudi mdomoni, akitafune tena taratibu. Hapo taya lake halitulii."

"Tukae kimya mpaka lini, Babu?"

"Mpaka Maua apende."

Tusa akashuka tena. Akawaambia wenzake kwa kunong'ona. Wakaketi kwenye majani makavu, wakanyamaza.

Wakanyamaza. Wakanyamaza. Nzi akapita. Zzz.

"Subira huvuta heri," alinong'ona Shangazi.

"Yangu imeisha," alinong'ona Seke.

"Shhh!" alisema Tusa. Fyuu!

Maua akakunja miguu ya mbele. Akakunja na ya nyuma. Akalala chini. Fuuu, akashusha pumzi.

Halafu kitu kama mpira mdogo kikapanda shingoni mwake. Kikapanda, kikapanda, mpaka mdomoni.

Nyamu. Nyamu. Nyamu.

Taya likaenda kulia. Taya likaenda kushoto. Hapo ungesema Maua ana hadithi ndefu ya kusimulia!

"Sauti!" alinong'ona Shangazi. "Nani anaweka sauti?"

"Mimi!" alisema Seke. "Mimi ndimi Maua." Sauti yake ikanguruma kama lori linalopanda Mlima Rungwe.

"Hapana," alisema Tusa. "Maua si lori."

Shangazi akakohoa kidogo. "Mimi ni Maua, nakuletea habari za leo."

"Hapana, Shangazi. Hiyo ni redio."

"Basi wewe," alisema Shangazi.

Tusa akaziba mdomo haraka. "Mimi siwezi. Nina filimbi."

"Kweli," alisema Seke. "Ng'ombe gani kibogoyo?"

Wakati huohuo Maua akainua kichwa. Akafungua mdomo, wazi kabisa, mbele ya pua ya Tusa.

"Mooooo!"

Tusa akachungulia ndani. Akachungulia vizuri. Macho yakamtoka.

Chini palikuwa na meno. Lakini juu, mbele, hapakuwa na jino hata moja! Ufizi mtupu.

"Maua ni kibogoyo!" Tusa akapiga kelele. "Kama mimi!"

Seke akaja kutazama. Akatazama mara mbili, akakuna kichwa. "Jamani. Ni kweli."

Tusa akamtazama Maua. Maua akamtazama Tusa. Nyamu, nyamu, nyamu.

Basi Tusa akaondoa kiganja mdomoni. Akajificha nyuma ya hori. Shangazi akanyoosha simu, na Tusa akaanza kusema.

Maua alipomeza, Tusa alinyamaza. Maua alipotafuna, Tusa alisema. Waliendana vizuri, mithili ya mama na mtoto wanaotwanga pamoja.

Jioni, baada ya ugali na maharage, wote wakaingia chumbani kwa Babu. Mama alikaa kwenye kiti. Seke alikaa sakafuni. Tusa alibaki mlangoni.

"Mnataka nini wote?" aliuliza Babu.

"Umepata mgeni, baba," alisema Shangazi. Akamwekea simu mkononi.

Kioo kikawaka. Akatokea Maua, amelala kwenye majani, anamtazama Babu usoni.

Nyamu, nyamu. "Shikamoo, mzee wangu!" Fyuu!

"Marahaba, Maua," alijibu Babu.

Babu akaitazama simu. Akawatazama watu. Amemwitikia ng'ombe! Lakini Maua alikuwa hajamaliza.

"Unaendeleaje? Mimi nina shida." Fyuu! "Tangu uvunjike, Seke ndiye ananikamua. Ananikamua kama anafua soksi!" Fyuu! Fyuu!

Bega la Babu likatikisika kidogo.

"Na habari za kijijini sizipati." Fyuu! "Nitajuaje nani ameoa? Meneja haelezi kitu, kazi yake kelele tu."

"Kokorikooo!" Meneja akatokea kwenye kioo. Akaruka juu ya hori, akateleza, akatumbukia ndani ya ndoo. Ngo!

Tumbo la Babu likatikisika. Blanketi likatikisika.

Nyamu, nyamu, nyamu. "Pona haraka, mzee wangu. Ila usikimbie, kuna utelezi. Mimi nakusubiri." Fyuu!

Kioo kikazima.

"He," alisema Babu.

"Hehe," alisema Babu.

"Hehehe! Kwa kwa kwa kwaaa!"

Babu alicheka! Akacheka mpaka plasta ikagonga kitanda. Ko, ko, ko! Akacheka mpaka vikombe vikalia kule kabatini. Kili, kili, kili!

Mama akacheka huku anafuta machozi. Seke akacheka, ingawa zile soksi zilimchoma kidogo. Shangazi akacheka mpaka kanga ikafunguka.

"Marahaba! Nimemwambia marahaba!" Babu alisema, na kicheko kikaanza upya. "Mbona Maua ana filimbi mdomoni?"

Wote wakageuka mlangoni.

Tusa akainua kiganja. Kikafika kidevuni. Halafu akakishusha.

"Kwa sababu ni kibogoyo, Babu," alisema. Fyuu! "Kama mimi."

Babu akanyoosha mikono yote miwili. "Njoo hapa, mama yangu. Ng'ombe wote wako hivyo. Nimewafuga miaka hamsini, na sauti ya Maua nimeisikia leo. Ndiyo hiyohiyo. Isingekuwa nyingine."

Tusa akapanda kitandani. Akalaza kichwa kwenye bega la Babu, upande usio na plasta.

"Rudia," alisema Babu. Wakarudia. Maua akasema shikamoo, na Babu akaitika tena marahaba. Safari hii aliitika makusudi.

Nje, mvua ikaanza kunyesha taratibu. Na kutoka kule chini bandani, kupitia migombani, sauti ikapanda.

"Mooooo!"

"Amekusikia ukicheka," alisema Tusa.

Babu akatega sikio. "Anasemaje? Wewe ndiye unayemjua sasa."

Tusa akasikiliza. Kisha akasema, mdomo wazi, pengo lote nje:

"Anasema, sasa nimelala kwa amani." Fyuu!

"Mwambie na mimi pia," alisema Babu.

Lakini Tusa hakumwambia mtu. Alikuwa amekwisha kusinzia palepale, na mdomo wake mdogo ulikuwa bado unachezacheza.

"Nimbebe nimpeleke kitandani?" alinong'ona Seke.

"Mwache kwanza," alisema Babu. "Anacheua ya leo."

Haya, na wewe. Karanga zimeisha? Vuta shuka, fumba macho. Sisi tunalala, ila huko Tukuyu kuna mmoja bado anatafuna.

Nyamu.

Nyamu.

Nyamu.