Swichi Kuu ya Tingatinga

JUMAPILI, SAA TATU ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mpira ulioungua. Mlango umekomewa. Wanaume wanne ndani. Fundi, mtu wa umeme wa mitambo mizito, alichuchumaa akichora tingatinga kwa chaki sakafuni.

"Betri mbili," alisema. "Moja peke yake haiamshi dude hili. Swichi kuu hii hapa, nyuma ya kifuniko cha betri. Naiwasha kwanza. Halafu naruka swichi ya ufunguo kwa waya, napeleka moto kwenye kompyuta na kwenye stata."

"Dude lote hili nalo lina kompyuta?" Kobe alicheka. Ndiye kiongozi wao. Mpole wa sauti, mzito wa kugeuka.

"Ndiyo ubongo wake. Ndiyo maana swichi kuu haiguswi injini ikinguruma. Betri ndiyo inameza umeme unaozidi. Ukiikata ghafla, umeme wa alteneta unaruka, unaunguza ubongo. Mashine inafia pale pale. Mkono haushuki. Kibanda cha dereva hakigeuki."

"Hebu rudia," Kobe alisema.

Fundi akarudia, neno kwa neno. Miaka yote ya ufundi wake hakuna aliyewahi kumwambia arudie. Kichwa kilimvimba kidogo.

"Mwalimu amepata darasa," alidakia Chuma, dereva wa pikapu. "Tutamlipa karo ya dhahabu."

Dogo hakucheka. Alikuwa mdogo wake Fundi wa toka nitoke, na ndiye angeendesha tingatinga. "Kwa nini nigeuze kibanda mpaka mlango ubane ukuta? Nitatokaje?"

"Walinzi wasikuchomoe kama konokono," Kobe alisema. "Ukimaliza kazi unageuza, unatoka. Unaogopa?"

Dogo alimtazama kaka yake, si Kobe. Mama yao alipokuwa anakata roho hakuusia nyumba wala shamba. Alimwusia Fundi huyo mdogo wake. Usimwache nyuma.

"Nitakuwa hapo hapo chini," Fundi alisema. "Haki ya mama."

SAA SITA KASORO USIKU

Mtaa ulikuwa umelala. Nyuma ya duka la mnunuzi wa dhahabu kulikuwa na nyumba inayobomolewa, na tingatinga la wabomoaji limeegeshwa uchochoroni. Mbele ya kibanda, wavu wa chuma wa kuzuia mawe. Dirisha la nyuma, nondo za kuzuia wezi.

Fundi alivaa ovaroli lenye grisi. Mtu wa ovaroli haulizwi kitu.

Moto ukafika. Stata ikakohoa, injini ikanguruma. Dogo akageuza kibanda, mlango ukabana ukuta. Ndoo ikapanda, ikashuka. Ukuta wa duka ukachanika kama boksi lililolowa. King'ora kikalia.

Kobe na Chuma wakalifunga sefu kwa mnyororo. Dogo akalinyanyua na ndoo, akalitua kwenye pikapu taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Panda!" Kobe alimwambia Fundi.

"Dogo bado hajageuza."

"Panda ushike sefu! Anakuja."

Fundi akapanda.

Kobe akazunguka upande wa betri. Mkono wake ukazama nyuma ya kifuniko. Haukupapasa. Ulijua pa kushika.

Injini ikanyamaza.

"Ondoa gari!" Kobe aliruka ndani. "Wakimpata huyo, sisi hawatatukimbiza."

Pikapu ilikuwa imeshashika kasi Fundi alipojirusha. Goti likapasuka. Akarudi akichechemea.

"Kaka! Imezima!" Vidole vya Dogo vilitokeza kwenye wavu. "Iwashe!"

Fundi akarudisha swichi. Akaruka ufunguo. Stata ikazunguka, injini haikushika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikashuka kutoka nyuma ya kiti, ulikokaa ubongo. Aliijua harufu hiyo. Akazungusha tena hata hivyo.

"Kaka, kimbia. Una watoto."

"Nyamaza."

"Bado kidogo?"

"Bado kidogo," alidanganya. Akazungusha mpaka betri zikaishiwa nguvu, stata ikabaki kugonga tu. Tik. Tik.

Walinzi walitangulia. Polisi wakafuata. Wakamlaza Fundi kifudifudi, buti shingoni. Mmoja aliuvuta mlango wa kibanda, ukagoma.

"Geuza dude lako tumtoe huyu."

"Haligeuki."

"Nani kalizima?"

Fundi alitazama mikono yake iliyofungwa pingu. Chaki ilikuwa bado kwenye kucha. Juu, vidole vya Dogo vilikuwa bado vimeshika wavu.

"Mwanafunzi wangu," alisema.